Anitha, Msumeno na Kikohozi cha Baba Mkwe

Kabla hajagusa swichi, Anitha huvua pete ya ndoa na kuitundika kwenye msumari ulioko ukutani, juu ya meza yake ya kazi. Ukiikuta pete ukutani, ujue msumeno uko kazini. Ukiikuta kidoleni, ingia umsumbue kwa maneno yako. Mwanzoni wanawake wa pale kijijini Ngana walimcheka sana. Walisema mke wa Aliko huachika kila asubuhi na kuolewa tena jioni. Yeye aliwajibu kwamba ndoa haina neno, ila pete ikinaswa na mashine itaondoka na kidole, na Aliko hakuoa mwanamke wa vidole tisa.

Ni fundi seremala, tena wa kutegemewa. Baba yake alikuwa mwalimu, mtu wa Njombe aliyehamishiwa Kyela akazoea joto na mbu wake, na Anitha alikulia kwenye nyumba za walimu. Alipokwenda chuo cha ufundi, wasichana wenzake walichagua cherehani. Yeye harufu ya mbao ilimshinda. Huko ndiko alikokutana na Aliko, fundi mitambo wa bandarini Itungi, aliyekuja kuagiza sanduku la spana. Aliko alirudi kulilalamikia sanduku lile mara nyingi mno, nalo halikuwa na kasoro hata moja. Wenye akili walielewa.

Siku hizi anatengeneza milango na vitanda, lakini jina lake limejengwa na masanduku ya kuvundikia kakao. Sanduku la kakao halitaki mzaha. Halipigwi misumari, kwa sababu maji ya kakao hula chuma na kutu huharibu punje. Mbao zinaumana zenyewe pembeni, na chini hutobolewa matundu ili maji yachuruzike. Ubao ukikatwa kombo, sanduku halifungi sawasawa na joto linatoka. Ndiyo maana aliupenda msumeno wa umeme, ule wa duara unaoshikwa mkononi, unaopasua ubao mrefu ukanyooka kama uzi.

Aliupenda, lakini hakuuamini. "Ajali haina kinga," watu husema huku wakipandisha mabega, na msemo huo humtia Anitha hasira. Yeye anasema kinga ipo, ila watu wanaionea uvivu. Nywele zake huingia zote ndani ya kofia. Mikono ya shati hukunjwa juu ya kiwiko. Miwani hukaa machoni, si kwenye paji la uso kama pambo. Ubao hupapaswa kwanza, usije ukawa na msumari wa zamani ndani, kisha hubanwa mezani kwa jiliwa. Bledi, lile gurudumu lenye meno, hupimwa lichungulie kidogo tu chini ya ubao. Waya hupita nyuma, mbali na njia ya meno. Mwenyewe husimama ubavuni mwa mashine, kamwe si nyuma yake, kwa kuwa bledi ikibanwa msumeno hurudi kwa teke. Kava la bledi halifungi juu kwa kamba eti lisimcheleweshe, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka. Mmoja wao, wa Mwaya, siku hizi anasalimia watu kwa mkono wa kushoto. Na akimaliza kukata, huachia swichi na kungoja. Bledi huendelea kuzunguka hata baada ya swichi kuachiwa, na mpaka isimame kabisa hauinui msumeno, wala hageuki.

Sasa ije habari ya kitenge.

Kwa Wanyakyusa, tangu zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akitokea huku, wewe unapita kule; mkikutana njiani, unajitenga, unajifunika kichwa, unageuza uso mpaka apite. Wengi wameshaiacha mila hiyo. Utakuta mzee na mke wa mwanawe wamepanda bodaboda moja, wanagombania mwamvuli. Lakini Anitha alikuwa mtoto wa watumishi, amekuja na suruali na cheti, na siku chache kabla ya harusi shangazi zake Aliko walisema mbele yake kwamba huyu mila zetu hataziweza. Basi akazishika kwa mikono miwili. Mgeni akiamua kushika mila za watu, mwenyeji hamfikii.

Mkwewe, Mzee Ambilikile, mkulima wa mpunga na kakao na mzee wa kanisa, alipoona mkamwana anajifunika namna ile, alidhani ndivyo binti alivyotaka, naye akashika upande wake. Picha ya harusi imetundikwa sebuleni kwake. Ndani yake bibi harusi ameinamisha macho na kufumba mdomo, kama bibi harusi anavyotakiwa. Mzee hakuwa na sura nyingine ya Anitha zaidi ya hiyo.

Shamba lake la kakao liko ng'ambo ya banda la useremala, na njia inapita ubavuni mwa banda lenyewe. Kila asubuhi akikaribia, mzee alikuwa akikohoa. Hakuwa na ugonjwa wowote. Kikohozi kile kilikuwa hodi, maana yake napita, mwanangu, jisitiri. Anitha akikisikia huvuta kitenge alichokitupia begani juu ya ovaroli, hujifunika, hugeukia ukuta. Mzee hupita akitazama migomba. Akiwa na neno, humwambia kuku. "Kuku, leo mbao zinalia vizuri," husema, na Anitha huujibu ukuta, "Ndaga, Tata." Asante, baba.

Walipendana sana, wawili hao. Mzee ndiye aliyetoa kona ya uwanja wake lijengwe banda, wakati majirani walipokuwa wakiuliza tangu lini mwanamke akapasua mbao. Anitha alipougua malaria akalala siku nyingi, kila asubuhi alisikia kikohozi nje ya dirisha, na mama mkwe, aliyekuwa akimuuguza, akitoka hukuta mkungu wa ndizi mlangoni. Baba yake mzazi, Mungu amrehemu, Anitha alimwogopa. Huyu hakumwogopa, na alijua asingeweza kumweleza mtu jinsi unavyoweza kumpenda hivyo mtu unayemjua kwa kikohozi tu.

Kwa hiyo katika masharti yake yote ya mashine, kitenge hakikuwamo. Mtu anayevua pete isinaswe atashindwaje kujua kwamba nguo inayoning'inia ni mbaya zaidi? Alijua. Ila kitenge alikihesabu kuwa ni heshima, na hakuwahi kufikiri kwamba heshima nayo hunaswa.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za Kyela zikinyesha bila aibu, na wakulima wakiyangoja masanduku yao. Anitha alikuwa anapasua ubao wa mvule. Alifika mwisho, akaachia swichi, mlio ukaanza kushuka, na hapo ndipo kikohozi kikaja. Kingetangulia kidogo, kelele zingekimeza. Kingechelewa, bledi ingekuwa imesimama. Kilikuja katikati, pale ambapo mikono huona kazi imekwisha. Mkono wa kushoto ukaacha mshikio ukaenda begani kutafuta kitenge, na wa kulia ukaunyanyua msumeno kutoka kwenye ubao. Pindo likaangukia kwenye bledi kabla kava halijajifunga. Likanaswa. Kitenge kikamkaza shingoni, msumeno ukaruka kumwelekea kifuani, kisha ukakabwa na nguo ile ile ukasimama. Kati ya meno yake na kidevu cha Anitha palibaki nafasi ya kiganja.

Nje, mzee alikuwa ametazama migomba, hakuona kitu, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Kuku," alisema, na sauti haikuwa ile ya siku zote. "Humo ndani mu wazima?"

"Tu wazima, Tata," Anitha aliujibu ukuta.

Mzee alisimama kidogo, kisha nyayo zake zikaondoka taratibu. Anitha akachomoa plagi. Hilo alilikumbuka hata katika hali ile. Halafu akaketi chini kwenye maranda akilia bila sauti. Alipomaliza kulia, alichukua kisu akakitoa kitenge kwenye meno kipande kwa kipande. Vipande akavitupa nyuma ya banda, na kilichobaki akakificha chini ya mbao. Shingoni palikuwa na mchubuko. Akafunga kola ya shati mpaka juu.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hilo alilijua, lakini alijua pia kitakachofuata wakisikia. Watasema mashine itoke hapa nyumbani. Watasema tulijua. Naye bila mashine ile alikuwa nani? Mke wa Aliko, mama wa watoto, hayo yote ni mema, lakini fundi asingekuwa tena.

Kesho yake mzee hakupita. Wala keshokutwa. Wiki nzima ikaenda, na njia iliyopita ubavuni mwa banda ikaanza kuota majani katikati. Anitha alitega sikio mpaka likamuuma. Jioni aliona kwamba mzee ametoka shambani, kakao iko uani kwenye majamvi. Kwa hiyo shambani anakwenda, ila anapita kwingine. Anakwepa banda. Akajiuliza kama mzee aliiona suruali yake. Akajiuliza kama "tu wazima" yake ilisikika kuwa ya kiburi. Usiku wa mashaka haukosi majibu, na yote ni mabaya.

Akaacha mashine, akarudia msumeno wa mkono. Aliko alipopiga simu kutoka Itungi alimuuliza mbona leo nyuma yake hapasikiki mlio. "Umeme unasumbua," alisema. Ulikuwa uongo wake wa pili, na huu ulimuuma zaidi kwa sababu Aliko aliuamini. Moyoni alikuwa ameshapanga. Masanduku ya watu yakiisha, ataifunga mashine kwenye boksi lake, atatafuta chumba cha kupanga mjini, karibu na stendi, na banda hili litabaki la kuku. Kufanya kazi kwenye uwanja wa mtu asiyetaka hata kukohoa mlangoni kwako, hilo hakuliweza.

Jioni moja alikwenda jikoni kwa mama mkwe kurudisha sufuria. Akiwa bado nyuma ya ukuta wa mianzi, alisikia maji yakimwagwa na sauti ya mama mkwe mwenyewe, Mama Beatrice, ikigomba. Mama Beatrice akigomba hukawii kujua anamgombea nani.

"Baba Aliko, umekuwa kambale? Tazama suruali. Tazama hilo goti lilivyovimba. Njia ipo, kavu, kwa nini unapita majarubani kwenye maji?"

"Njia ile siitaki."

"Mkamwana amekukosea nini?"

Anitha alikuwa ameishika sufuria kwa mikono yote miwili.

"Hajanikosea," mzee alisema. "Mimi ndiye ningemkosea. Siku ile nilikohoa, mashine ikakabwa. Nilisikia. Jioni nikaokota vipande vya kitenge nyuma ya banda, vimetafunwa. Mama Aliko, alikuwa anajifunika kwa ajili yangu."

"Basi pita, usikohoe."

"Nimejaribu. Nikifika pale koo linakohoa lenyewe. Na nitapitaje kwa mkwe kimya, kama mwizi? Nikikohoa, mtoto atageuka. Acha nipite majarubani. Matope yanaoshwa. Mkono hauoti."

Anitha hakuirudisha sufuria. Alirudi nayo nyumbani kwake, akaiweka mezani, akalia mpaka watoto wakamuuliza nani amekufa. Hajafa mtu, aliwaambia. Alikuwa akiona goti lile baya likizama kwenye tope la mpunga, asubuhi na jioni, ili yeye abaki na mikono yake. Naye siku zote zile alikuwa akimwona mzee kama mtu aliyenuna.

Kulipokucha alikwenda kwa mama mkwe, safari hii na sufuria na maneno. Alifungua kola akaonyesha mchubuko. Alisema yote, na kuhusu chumba cha mjini pia. Mama Beatrice alimsikiliza huku akichambua mchele, na vidole vyake havikusimama ila mara moja, pale aliposikia habari ya kidevu.

"Mama, naomba umfikishie Tata maneno yangu," Anitha alisema. "Nitasimamisha mwanzi nje ya banda, na juu yake nitafunga kile kitenge kilichochanika. Kikiwa juu, mashine ina umeme, asinikoholee. Nikikishusha, nimeshachomoa plagi na bledi imesimama. Hapo apite njia yake, akohoe apendavyo."

"Na wewe utajifunika nini?"

"Ndilo linalonisumbua, Mama. Ndani ya banda sitaweka tena nguo begani. Siwezi. Nitabaki na ovaroli."

Mama Beatrice alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Ovaroli hiyo imekufunika kuliko nilivyofunikwa mimi," alisema. "Lakini hilo la kujifunika si langu kulifungua. Nitapeleka neno."

Kitenge kikapanda. Kilikuwa cha rangi ya machungwa, upande mmoja kimeliwa, na kikipigwa na upepo wa ziwani kilionekana hata kutoka barabarani. Watu waliuliza kama kuna msiba au kama fundi amejiunga na chama. Anitha akavua pete, akavaa miwani, akapapasa ubao, akaubana, na baada ya kimya cha siku zile msumeno ukalia tena Ngana. Alipofika mwisho wa ubao aliachia swichi akangoja. Mlio ulishuka, ukawa mvumo, mvumo ukawa pumzi, na pumzi ikaisha. Akachomoa plagi, akatoka, akashusha kitenge.

Alipoinua macho aliona, kule mwisho wa migomba, kofia ya mzee ikiwa imemgeuzia kisogo. Alikuwa amekaa kwenye gogo, anangoja.

Anitha akarudi ndani upesi, akaugeukia ukuta. Kikohozi kikaja. Nyayo zikapita. Wala hakumwambia kuku neno. Ikawa hivyo siku ile na siku zilizofuata: kitenge juu, mzee juu ya gogo, kitenge chini, kikohozi. Anitha aliona kwamba mara nyingine mzee hufika mapema kuliko inavyohitajika, na akajua kuwa anapenda kusikiliza mbao. Akaokoteza mabaki ya mvule, akaunda benchi fupi lenye egemeo, lisilo na msumari, akaliweka pale penye gogo kabla watu hawajaamka. Asubuhi hiyo kuku aliambiwa kitu. "Kuku," mzee alisema akipita, "magoti yangu yanashukuru. Ndaga fijo."

Ikaja siku ya jua baada ya mvua ndefu. Sanduku la mwisho la msimu lilikuwa mezani. Anitha alikata ubao wake, akangoja, akachomoa, akashusha kitenge, akarudi mezani. Kikohozi kikasikika. Mkono wake, mkono usiosikia la mtu, ukaenda begani. Hapakuwa na kitu. Akageuka ukutani kama kawaida na kusubiri nyayo zipite, lakini nyayo zilisimama mlangoni.

"Mwanangu," mzee alisema.

Hakusema kuku. Anitha alibaki ameushika ukuta.

"Kitenge chako nimekiona juu ya mwanzi, mimi na Ngana nzima. Heshima yako imeonekana mpaka barabarani. Usiitafute tena begani." Akaongeza: "Mimi ni mzee sasa. Sitaki nife nikiwa nimekujua kwa mlio wa mbao tu. Kama wewe huoni vibaya, geuka."

Anitha hakugeuka upesi. Kwanza aliitazama bledi, imesimama. Aliitazama plagi, imelala juu ya meza. Akavua miwani, akajifuta unga wa mbao usoni kwa kiganja, akachukua pete ukutani akaivaa, kwa sababu alijisikia kama mtu anayetambulishwa ukweni kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka.

Mlangoni alisimama mzee mfupi kuliko kikohozi chake, kofia mkononi, macho yamemjaa maji. Anitha akapiga goti moja. "Mugonile, Tata," alimwamkia, na kwa kuwa hakujua afanye nini zaidi, akatabasamu.

Mzee Ambilikile alimtazama kwa muda mrefu, akausogeza uso karibu kidogo, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kumbe una mwanya," alisema. "Miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia."